Nduaro wa buluu au nduaro mweusi: umfuate yupi?

Ukishavua sulisuli na jodari wa kutosha, ukataka sasa samaki anayeweza kukukalisha kitini saa tatu mikono ikitetemeka, unabaki na wawili wa kuchagua: nduaro wa buluu na nduaro mweusi. Wengine huwaita malini, ni hao hao. Wote wawili huvuka kilo 500. Wote wana mdomo wa mkuki na mkia wa mwezi mchanga, na kwa wote jike ndiye mkubwa. Dume wa buluu ni nadra kuvuka kilo 160, na dume mweusi naye hafiki mbali. Kwa hiyo ukisikia habari za nduaro aliyeshinda mizani ya bandari, jua huyo alikuwa jike.

Kwa sababu wanafanana hivyo, wavuvi wengi huchagua kwa picha, au kwa rekodi waliyoisikia ikisimuliwa. Sioni kama hiyo ni njia nzuri. Kinachowatenganisha hasa ni maji wanayokaa, na maji ndiyo yanayoamua safari yako itakuwaje: msimu, chambo, mwendo wa boti, hata kama utashinda unatapika au umekaa raha. Mweusi ni samaki wa ukingo, pale mwamba unapokatika na bahari kushuka ghafla. Wa buluu ni samaki wa kilindi. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yanakuwa mepesi.

Kuwatofautisha

Rangi isikudanganye. Mweusi akiwa hai mgongo wake huweza kuwa wa buluu iliyokolea, na wa buluu akishakufa hugeuka kijivu cheusi. Waliovua miaka mingi bado hukosea wakitazama rangi peke yake.

Tazama mapezi ya kifuani. Ya nduaro mweusi ni magumu, yamesimama kama mabawa ya ndege, na huwezi kuyalaza ubavuni bila kuvunja kiungo chake. Ya wa buluu hukunjika yakalala. Alama hiyo moja inatosha, lakini inataka samaki awe pembeni mwa boti na mtu jasiri wa kumgusa. Akiwa bado anaruka mita hamsini nyuma yenu, tazama pezi la mgongoni. La mweusi ni fupi, kilele chake hakifiki nusu ya kimo cha mwili. La wa buluu limeinuka zaidi na limechongoka. Mweusi ana nundu nzito nyuma ya kichwa na mkuki mnene, kwa hiyo kwa mbele anaonekana amejaa mabega. Wa buluu ana mistari ya rangi ya mpauko inayoshuka ubavuni, na akichangamka mistari hiyo huwaka buluu kali ambayo hakuna picha niliyoiona inayoitendea haki. Mweusi kwa kawaida hana mistari ya kuonekana wazi.

Iko alama nyingine, mstari wa hisi unaopita ubavuni. Kwa wa buluu umesukwa kama wavu, kwa mweusi ni mstari mmoja usioonekana kwa urahisi. Wanasayansi wanaupenda. Boti ikiyumba, mimi hauninufaishi.

Wanakopatikana

Wa buluu yupo katika bahari zote tatu zenye joto: Atlantiki, Hindi na Pasifiki. Zamani wale wa Pasifiki na Hindi walihesabiwa kuwa spishi ya peke yake, lakini siku hizi wataalamu wengi wanawachukulia wote kuwa spishi moja. Ni msafiri wa ajabu. Mmoja aliyepachikwa alama karibu na pwani ya Delaware, Marekani, alikuja kunaswa karibu na Mauritius baada ya siku 1,108. Ni umbali wa takriban kilomita 14,900, na ilimlazimu kuzunguka kusini mwa Afrika.

Mweusi ni wa bahari ya Hindi na Pasifiki. Wachache hupitiliza Rasi ya Tumaini Jema wakaingia Atlantiki, lakini hao ni wa kubahatisha, usipange safari kwa ajili yao. Anayeishi karibu na Atlantiki na hana mpango wa kupanda ndege ndefu, kwake ulinganisho huu umeishia hapa: ni wa buluu.

Kwa anayeweza kusafiri, majina ni haya. Kwa nduaro mweusi mkubwa hakuna mahali panapofikia ukingo wa nje wa Great Barrier Reef, mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, kati ya Cairns na Lizard Island, kuanzia Septemba hadi Desemba. Majike wakubwa hukusanyika hapo kutaga mayai, na madume wadogo huwafuata. Septemba 1966 nahodha George Bransford na mvuvi Richard Obach walileta Cairns nduaro wa ratili 1,064, karibu kilo 483, na kutoka hapo mji ule ukajulikana duniani kwa jambo moja. Piñas Bay ya Panama ina weusi wake miezi ya Januari hadi Machi, na visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, vina wake kuelekea mwisho wa mwaka.

Wa buluu ana orodha ndefu zaidi. Kona, Hawaii, wapo karibu mwaka mzima, ingawa miezi ya kiangazi cha kaskazini, Juni hadi Agosti, ndiyo inayotajwa sana. Madeira ni Juni hadi Septemba. Mindelo, Cape Verde, ni majira ya kuchipua hadi mwanzo wa kiangazi. Mauritius ni Novemba hadi Aprili. Vitória ya Brazil ina wakubwa mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Pwani ya Pasifiki ya Costa Rica ni kisa cha pekee: huko hutiwa vielea vilivyofungwa nanga mbali kilindini, samaki wadogo hujikusanya chini yake, na nduaro wa buluu huja nyuma yao. Kwa siku moja boti inaweza kuinua wengi kuliko ilivyozoeleka popote. Wengi wao si wakubwa, lakini ukitaka kujifunza kumshughulikia nduaro, huko utajifunza haraka.

Kuna jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi kwa sauti, nalo ni upepo. Msimu wa weusi huko Australia huangukia kipindi cha upepo wa kusini-mashariki, na noti 20 (karibu kilomita 37 kwa saa) mfululizo kwa siku kadhaa si habari ya kushangaza. Unavua ukingoni mwa mwamba, wimbi linaongezeka linapopanda kutoka kilindini, na boti inayumba mchana kutwa. Kona ni kinyume chake. Volkano kubwa za kisiwa huzuia upepo, maji ya kina cha mita elfu yako karibu sana na pwani, na bahari mara nyingi ni shwari. Mwenye tumbo jepesi aanze kulipima hili kabla ya kutazama uzito wa samaki.

Chambo na kungoja

Hapa ndipo tabia yako mwenyewe inapoingia.

Nduaro wa buluu hutafutwa kwa kukokota chambo bandia. Boti inakwenda noti 7 hadi 9, nyuma yake vimepangwa vichwa vinne au vitano vya plastiki vyenye sketi za rangi, kila kimoja umbali wake, vikitoa povu na kupiga mbizi. Mnafunika eneo kubwa la bahari mkitafuta dalili: ndege wanaozunguka, kundi la sehewa (jodari wadogo), mkondo unaokutana na mwingine, gogo linaloelea. Saa tano zinaweza kupita bila kitu. Halafu anatokea kivuli cha kahawia nyuma ya chambo, mkuki unakata maji, na rili, gurudumu la kuzungushia mshipi, inalia. Kuna wanaoona ngoja hiyo ni mateso. Wengine, nami nimo, wanaona ndiyo nusu ya uvuvi wenyewe.

Mweusi naye hukubali chambo bandia, lakini mbinu iliyompa sifa ni chambo halisi. Ukingoni mwa Great Barrier Reef hukokotwa samaki wawili waliokufa walioshonwa kwa ustadi, mmoja akiogelea chini kidogo ya maji na mwingine akiruka juu juu. Mwendo ni wa polepole kuliko wa chambo bandia, na boti hupanda na kushuka sambamba na ukingo. Kwingine hutumiwa sehewa hai. Ndoana haimchomi, hufungwa kwa uzi juu ya kichwa chake, kisha anaachwa aogelee huku boti ikitambaa tu. Nduaro anapomkaribia, sehewa huanza kutetemeka na mshipi nao unatetemeka mkononi mwako. Nduaro akishachukua, lazima umpe nafasi ageuze chambo kichwani na kukimeza kabla ya kukaza breki ya rili. Sekunde hizo chache ndizo zinazomtofautisha mvuvi na abiria.

Kwa hiyo anayependa kazi ya mikono, kushona chambo, kuhisi, kuamua, atamfurahia mweusi zaidi. Kwa wa buluu kazi kubwa ni ya nahodha na injini. Mshipi ukivutwa, mara nyingi samaki ameshajinasa mwenyewe kwa kasi ya boti.

Chambo kinagusa pia hali ya samaki anayeachiwa. Ndoana ya duara hufanya kazi vizuri sana na chambo halisi, hushika pembeni mwa mdomo na mara chache humezwa. Chambo bandia kwa kawaida hubeba ndoana za kawaida, moja au mbili, nazo zinaweza kushika popote, hata machoni. Anayejali kumwachia samaki akiwa mzima apunguze ndoana iwe moja.

Akishanaswa

Ubishi wa nani mwenye nguvu hauna mwisho katika baa yoyote ya wavuvi, na ninaingia humo kwa hiari yangu. Ukinipa wawili wa uzito ule ule, namwogopa zaidi wa buluu. Ana kasi ya mwanzo isiyo na mpango. Anaondoka huku, anageuka bila onyo, anaruka kuelekea kwenye boti, kisha anakuacha ukikusanya mshipi uliolegea. Rili yake lazima ibebe mshipi mrefu, kuanzia mita 900 kwenda juu, na breki yake iwe laini isiyoshtuka.

Ubaya wa wa buluu ni kwamba ana kilindi chote chini yake. Akichoka anaweza kuzama moja kwa moja na kufia huko chini. Basi unabaki unamnyanyua mzigo usiopigana, inchi kwa inchi, kwa saa kadhaa, huku nahodha akisogeza boti ili kubadilisha pembe ya mshipi. Hakuna fahari hapo.

Mweusi anapigana kwa uzito. Mbio zake za kwanza ni ndefu na nzito, halafu anajitia mkaidi, anakaa na kusukuma kichwa. Ukingoni, hofu ni mwamba na papa. Akikimbilia upande wa matumbawe mshipi unakatika, na akichelewa kuletwa papa wanamfikia kabla yako. Ndiyo sababu huko hutumiwa mshipi wa nguvu ya kilo 60 na breki nzito kupita kawaida. Kanuni ya jumla ni kuanza na theluthi moja ya uwezo wa mshipi, lakini manahodha wa mwamba huongeza mapema. Ukikaa kwenye kiti cha mapambano na breki ya kilo 25, utajua kama miguu yako ilikuwa inafanya mazoezi.

Kusema mweusi haruki ni uzushi. Yule aliyevuliwa na Alfred Glassell huko Cabo Blanco, Peru, anatajwa kuwa aliruka mara 49 kabla ya kuletwa, baada ya saa moja na dakika 45.

Na usichague kwa kasi. Utakuta imeandikwa kila mahali kwamba nduaro mweusi anakwenda kilomita 129 kwa saa. Tarakimu hiyo ilitokana na mwendo wa mshipi ukitoka kwenye rili, na mshipi uliopinda majini haupimi samaki. Utafiti wa misuli uliochapishwa 2016 ulimpima sulisuli, ndugu yao anayesifiwa kuliko wote kwa mbio, na kumpa takriban kilomita 30 kwa saa. Hiyo yatosha kukunyang'anya mshipi.

Mwenye rekodi

Kwa uzito mweusi anaongoza. Samaki wa Glassell, wa tarehe 4 Agosti 1953, alikuwa na ratili 1,560, yaani kilo 707, na mpaka leo hakuna nduaro mweusi aliyempita katika daftari la IGFA, chama kinachotunza rekodi za uvuvi wa michezo. Wa buluu mkubwa wa Atlantiki ni wa Paulo Amorim, Vitória, 29 Februari 1992, kilo 636. Wa Pasifiki ni wa Jay de Beaubien, Kona, 1982, kilo 624.

Lakini kuna yule wa Hawaii wa mwaka 1970, aliyeletwa kwenye boti ya nahodha Cornelius Choy. Mizani ilisema ratili 1,805, kilo 818 na ushei. Alikuwa wa buluu. Hakuandikwa kuwa rekodi kwa sababu zaidi ya mtu mmoja walishika fimbo, na kanuni za IGFA haziruhusu mwingine kugusa fimbo, rili wala mshipi wakati wa mapambano. Kwa hiyo anayesema mweusi ndiye mkubwa anasema kweli kwa daftari tu.

Kinachokuhusu wewe zaidi ni uwezekano. Ukitaka kumwona nduaro wa ratili elfu moja, si lazima umlete, umwone tu nyuma ya boti, nafasi yako nzuri ni ukingo wa Australia mwezi Oktoba au Novemba. Wa buluu wa kimo hicho hutokea Kona, Madeira na kwingine, lakini hawana miadi.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo linalosahauliwa. Nduaro weusi wachanga, wa kilo 15 hadi 40, husogea karibu na pwani, kama pale Cape Bowling Green karibu na Townsville. Huvuliwa kwa boti ndogo, fimbo nyepesi, hata kwa chambo cha manyoya. Wa buluu wachanga ni vigumu kuwakuta hivyo. Sijui shule bora ya nduaro kuliko hiyo.

Hali yao

IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, inamhesabu wa buluu miongoni mwa viumbe vilivyo katika hali ya hatari. Mweusi amewekwa kundi la wasio na takwimu za kutosha, na hilo lisikupe faraja, maana kutojulikana si sawa na kuwa salama. Wengi hufia kwenye mishipi mirefu ya meli zinazovua jodari, si kwenye fimbo za michezo. Sheria zinatofautiana. Australia, meli za kibiashara haziruhusiwi kubaki na yeyote kati ya hawa wawili. Katika maji ya Marekani ya Atlantiki, mvuvi wa michezo haruhusiwi kubaki na nduaro wa buluu aliye chini ya sentimita 251, ukipima kutoka taya la chini hadi panda ya mkia.

Kuhusu kula, hakuna cha kulinganisha sana. Wakubwa wote hukusanya zebaki, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inataka wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile nduaro kabisa. Mimi sioni sababu ya kumuua jike wa kilo 400 aliyejaa mayai kwa ajili ya nyama hiyo. Kwa urahisi wa kuachiwa, mweusi wa maji ya kina kifupi aliyenaswa kwa ndoana ya duara huondoka na nguvu zaidi kuliko wa buluu aliyevutwa kutoka kilindini, ila tu umwachie pasipo na papa.

Basi umchague yupi

Kama hujawahi kushika nduaro, anza na weusi wachanga wa karibu na pwani, au na wa buluu wa kwenye vielea. Kama una wiki moja tu na pesa ya safari moja maishani, na unachotaka ni ukubwa, mfuate mweusi msimu wake ukifika na ukubali upepo. Kama unasafiri na familia isiyovua, au una mwezi mbaya tu wa likizo, wa buluu atakufaa, kwa sababu kila mwezi wa mwaka kuna mahali anapovuliwa, na bandari zake nyingi zina maji shwari.

Na kama tayari umeshavua kiasi cha kutojali mizani, nenda kwa wa buluu kwa mshipi wa kilo 37 badala ya 60. Ila kabla ya kulipa, muulize nahodha mambo mawili: boti yake hurudi nyuma vizuri kiasi gani anapomfukuza samaki, na anaweka ndoana ngapi katika kila chambo. Akisita kwenye la pili, tafuta boti nyingine.